Folda Yenye Jina la Baba

Juzi gemu la binti yangu lilikataa kufunguka, likidai halioni folda ya nyumbani, 'home'. Kumbe alikuwa ameibadilisha jina. Nikalirudisha jina la awali, gemu likafunguka. Yeye akashangilia, mie nikaenda kukaa uani peke yangu.

Kwetu Chang'ombe, kompyuta ya baba ilikaa sebuleni. Ikiwaka ilinuka vumbi la moto, na nje mafundi waligonga mabati mchana kutwa. Mchana mmoja niliona folda yenye jina la baba. Nikalifuta, nikaandika jina langu, ili gemu linijue. Likagoma. Katika maandishi ya Kiingereza yaliyojaa kwenye kioo nilielewa neno moja tu, 'home', nikadhani linanifukuza nirudi nyumbani. Na nyumbani ndipo nilipokuwa.

Baba aliporudi kutoka kazini hakuziona barua zake za ofisi kwenye kompyuta. Akamwita dada yangu Neema, kwa kuwa ndiye pekee aliyeruhusiwa kuiwasha.

"Umeifanya nini?"

"Sijaigusa leo, baba. Haki ya Mungu."

Alimchapa kwa mkanda, kisha akampiga marufuku kuigusa tena. Neema alikuwa na ndoto ya kusomea kompyuta. Hakuisomea. Mie nilisimama mlangoni, nikahesabu mapigo, nikanyamaza.

Baada ya gemu la binti yangu kufunguka, nilimpigia simu Neema, nikamweleza yote.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Nilikuwa nangoja useme."