Sentensi Niliyoirudisha Tupu

Kwa miaka saba niliyoishi Ipyana, baba mkwe wangu hakuwahi kunitazama usoni. Ndivyo ilivyo kwa Wanyakyusa: mkamwana haketi chumba kimoja na baba wa mumewe, hasemi naye, hataji jina lake. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia majanini na kugeuza mgongo mpaka mzee apite. Mimi ni mtu wa Singida. Barua ya ajira ndiyo iliyonileta wilaya ya Kyela kufundisha Kiingereza sekondari, nikaolewa kanisani na bwana shamba, nikadhani mambo ya namna hiyo yameshapitwa na wakati. Wiki ya kwanza ya ndoa niliruka mtaroni nikiwa na ndoo ya maji kichwani, na nilinuna hadi jioni.

Lakini mzee yule alikipenda Kiingereza. Ujanani alikuwa karani kwenye migodi ya shaba kule Zambia, akarudi na lugha hiyo na redio. Kila asubuhi niliisikia redio yake ikitokea upande wa pili wa migomba, na yeye akibishana nayo. Siku moja, mwaka wa pili wa ndoa, mama mkwe aliniletea daftari la shule alilolificha ndani ya kanga. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mwandiko uliolala, mzuri kuliko wangu. Mzee alikuwa amemsikia mtangazaji akisema "with him ill". Aliuliza kwa nini isiwe "with he is ill". Tena, kwa nini kivumishi kinakuja nyuma ya mtu, wakati yeye alifundishwa kwamba kwa Kiingereza kivumishi hutangulia?

Nilimjibu kama ninavyowajibu wanafunzi wangu. Baada ya maneno kama with na without, he hugeuka him, she hugeuka her, kisha kivumishi kinafuata moja kwa moja na kitenzi hakihitajiki. Nikampa mfano: "With him ill, we ate late." Yeye akiwa mgonjwa, tulichelewa kula. Nikaongeza kwamba mwanafunzi akiniandikia "with he ill" namkata alama bila huruma. Baada ya siku tatu daftari lilirudi na sentensi kumi. Moja ilisema: "With me old, the hoe is heavy." Mimi nikiwa mzee, jembe ni zito. Nilicheka peke yangu jikoni.

Mwiko ulikataza macho, sauti na jina. Daftari haukulitaja, ila sote tulijua lingetajwa mara moja kama watu wangelijua.

"Mwanangu, haya yabaki kwetu watatu," mama mkwe aliniambia. "Watu wa huku wana midomo."

Yakabaki. Kwa miaka mitano tulijaza madaftari, mimi na mtu ambaye nilimjua kwa kikohozi chake tu.

Kisha mume wangu akafa. Presha ilimwangusha shambani kwenye kakao asubuhi, na kufika mchana alikuwa ameshakata roho. Watu walilala msibani, ng'ombe wakachinjwa, wanawake wakalia mpaka sauti zikawakauka. Mimi nilikaa mkekani nikitazama misumari ya bati. Wifi yangu aliniinamia sikioni akaniambia nijikaze nilie, watu wananiangalia. Nilijaribu. Hakuna kilichotoka. Sikuwa na uchungu, sikuwa na hasira, na hata aibu ya kukosa machozi niliiona kwa mbali, kama ya mtu mwingine.

Nilirudi kazini. Nilisahihisha madaftari, nikapika, nikamwogesha binti yetu aliyekuwa na miaka minne. Nilikula vizuri tu. Niliona ajabu kwamba nakula.

Mwezi wa pili baada ya mazishi, mama mkwe alikuja tena na kanga yake. Mzee hakuwa ameandika neno la pole. Aliomba sentensi tano zenye with, kama zamani. Nikaandika: "With him dead, the bicycle stays outside." Yeye akiwa amekufa, baiskeli inalala nje. Kwa Kiswahili nisingethubutu. Kiswahili kingenidai niseme amekufaje, lini, na Mungu amlaze wapi. Kiingereza kinamweka marehemu mwanzoni kwa maneno matatu, kinatia mkato, kisha kinaendelea na habari za baiskeli. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiishi. Mzee alitia alama ya vema, na chini yake akaandika ya kwake: "With him dead, I eat because my wife is watching me." Yeye alikuwa anakula kwa sababu mkewe anamwangalia. Niliisoma, nikafunga daftari, nikaenda kugeuza kakao juani.

Mwishoni mwa mwaka niliomba uhamisho nirudi kwetu Singida, ukakubaliwa. Hapo ndipo baba mdogo wa marehemu, mtu wa Busale mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alipokuja kusema kwamba mwanamke anaweza kwenda, ila mtoto ni wa ukoo na atabaki. Kikao kikapangwa Jumamosi. Mwenyekiti angekuwa baba mkwe, kwa hiyo mimi nisingeweza kuingia. Niliambiwa kuna mtu atanisemea. Nikauliza ni nani. Baba mdogo, yule yule.

Alhamisi mchana daftari lilikuja. Safari hii mlikuwa na sentensi moja tu, na nusu yake ni mstari mtupu: "Without her near me, I..." Bila yeye karibu yangu, mimi... Chini yake aliandika: Jaza.

Nilielewa. Alikuwa ananiuliza jambo ambalo mdomo wake ulikatazwa kuniuliza. Nilikaa na kalamu mezani. Binti yangu alikuwa mlangoni akila ndizi ya kuchoma, mashavu meusi kwa masizi. Nilimtazama nikitafuta jibu ndani yangu, na ndani palikuwa kimya. Ningeweza kuandika kwamba nitakufa, lakini kuhusu baba yake pia ningeandika hivyo, na sikufa. Nikajiuliza huenda kweli abaki, labda huku kuna watu wanaojua kuhisi. Mama mkwe alisimama akisubiri. Nilimrudishia daftari bila kuandika kitu.

"Ndaga," akasema, yaani asante, akaondoka.

Jumamosi walikaa sebuleni. Mimi nilikuwa jikoni, nimempakata mtoto, nyuma ya ukuta wa matofali ambao haukufika kwenye bati, kwa hiyo kila neno lilinifikia. Walisema Kinyakyusa, lakini miaka saba inatosha kuelewa. Baba mdogo ndiye aliyenisemea.

"Huyu mama hana neno," alisema. "Hata msibani hakulia, mlimwona. Mtoto abaki kwao."

Watu wakaguna kukubali. Wala sikumlaumu. Alichosema kilikuwa kweli.

"Ana neno," baba mkwe akasema. "Nilimwuliza."



"Ulimwuliza vipi?" Baba mdogo aliuliza taratibu.

"Kwa maandishi. Huu ni mwaka wa sita tunaandikiana."

Mtu alisukuma kiti. Mwingine alisonya. Baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kutolewa mfano, na alikuwa akijivua nguo mbele ya ndugu zake. Nilisikia kurasa zikifunuliwa.

"Haya, amesemaje?"

Alisoma kwanza kwa Kiingereza, polepole, kwa sauti ya karani: "Without her near me, I am not alive." Kisha akaitafsiri. "Anasema, bila huyu mtoto karibu yangu, mimi si hai."

Hakuna aliyenyoosha mkono kutaka kuliona daftari. Walinong'onezana kwa muda, wakamkaripia kwa aibu aliyoileta nyumbani, na mmoja akasema huyo mwanamke afadhali aende mbali, tena upesi. Mwishowe baba mdogo akasema kwa hasira kwamba basi, mtoto aende na mama yake.

Mimi nilikuwa bado kwenye ile sentensi. Nilijua nimeirudisha tupu. Nilitaka kuinuka niseme, kwa kuwa mwalimu hapendi jibu la kuandikiwa.

"Mama," binti yangu akasema, "unaniumiza."

Nikatazama chini. Mikono yangu ilikuwa imembana kifuani hata vidole vimekufa ganzi, na sikujua ilianza saa ngapi. Nilijaribu kumlegeza, nikashindwa.