Yai Jekundu kwenye Banda la Mama Hoza

Jamani, hili nalisimulia mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine, maana huku kwetu juu ya Lushoto limeshafika hadi sokoni na kila anayelipokea anatia chumvi yake. Aibu ni yangu, acheni niibebe mwenyewe.

Mke wangu hushuka sokoni na kabichi zake kabla hakujapambazuka, kwa hiyo anayewalisha watoto asubuhi ni mimi, Zuhura wa miaka sita na mdogo wake Idi wa minne, na hao wawili yai hawalitaki, papai hawalitaki, uji ndiyo kabisaa, wao ni chai ya rangi na andazi tu. Nesi wa kliniki akampima Idi, akatikisa kichwa, akaniambia, "Baba Zuhura, chakula kifanye mchezo, mtoto atakula." Basi mimi na akili zangu (nilizozaliwa nazo, sikuazima) nikabuni mchezo.

Nachemsha mayai kwenye maji ya bitiruti yawe mekundu, nayachora macho na mdomo kwa mkaa, kila moja naliweka kwenye jani la mgomba na kipande cha karoti, halafu nayaficha nje, anayeliona analila. Wallahi walikula! Wiki nzima wanaamka wenyewe, wanakimbia kwenye umande wakipiga kelele, Idi anamaliza mayai mawili, mimi najiona bingwa. Shida ikawa wameshajua maficho yote, ndipo Jumatano nikaona nivuke mpaka kidogo, moja nikalichomeka kwenye majani mlangoni mwa banda la ng'ombe la jirani yetu, Mama Hoza. Mvua ikaanza, watoto wakakimbilia shule na mayai waliyoyapata, na mimi (msiniulize) nikalisahau.

Alhamisi asubuhi nasikia mayowe. Nikatoka mbio na kandambili moja, nakuta watu wamejaa kwa Mama Hoza na hakuna anayenieleza kitu kikaeleweka, huyu anasema damu, huyu anasema kichwa, mwingine anasema kina macho, macho ya nini sijui, na ng'ombe mwenyewe namwona anacheua tu bila habari. Mama Hoza amekaa chini analia. Ng'ombe wake ana mimba, na mwaka jana ndama alimfia tumboni. "Wamerudi," anasema, "wamekuja kummaliza na huyu." Hapo nikajua kumbe ni mambo ya uchawi.

Hasira zikanipanda. Bila kuona chochote nikapaza sauti kule nyuma, "Aliyefanya hivi hana utu, atafutwe, ahame!" Watu wakaitikia, "Kweli, Baba Zuhura, ahame!" Nikajisikia mwenyekiti wa kitongoji.

Mara mtu akamtaja Bibi Mwanaidi, bibi kizee anayeishi peke yake nyumba ya pili, kwamba jana alionekana akipita hapo. Macho yote yakamgeukia, naye amesimama pale na kanga yake kichwani, amekuja kutoa pole kama sisi sote. "Mimi?" akasema. "Nimefanya nini, wanangu?" Wanaume wawili wakaanza kumsogelea.

Nikapenya mbele nikaone hicho kitu. Rangi imechuruzika kwenye matope, mkaa umetiririka kutoka machoni hadi shavuni, linatisha kweli, hata mimi nilirudi hatua moja (nilirudi, sikatai). Halafu nikaona karoti.

Nikinyamaza, bibi wa watu anaangamia, nikisema, basi anayetakiwa kuhama ni mimi, na aliyepiga kelele ahame ni mimi huyo huyo.

"Ni langu," nikasema. "Yai langu. La kifungua kinywa cha watoto."

"Kifungua kinywa cha watoto kinafanya nini bandani kwangu?" akauliza Mama Hoza.

Nikaanza kueleza, nesi, mchezo, bitiruti, na kadiri ninavyoeleza najisikia mwenyewe ninavyozidi kufanana na mwongo. Ikabidi nilimenye pale pale, nilitafune lote mbele yao, lililolala nje kwenye mvua, huku wakisubiri nianguke. Sikuanguka. Mtu mmoja akacheka, wakacheka wote, Mama Hoza anacheka machozi bado yanamtoka, na jina nikapewa hapo hapo, Baba Mayai, ndilo ninaloitwa hadi leo.

Bibi Mwanaidi hakucheka. Jioni nilimfuata kwake na kilo ya sukari, nikasema, "Shikamoo, bibi. Nimekuja kuomba radhi." Akasema, "Marahaba, mwanangu, kaa," akanimiminia chai, nikaona haya zaidi ya asubuhi.

"Yai lako nimelisamehe," akasema mwishowe. "Wale wengine nimewasubiri tangu asubuhi. Nusu yao niliwapokea kwa mikono hii walipozaliwa. Aliyekuja ni wewe tu."

Nikamaliza chai, nikaaga.

Siku hizi mayai yanaliwa mezani, meupe, Idi ananuna, na anune. Na nikikuta watu wamejaa mahali, naenda kwanza mbele nikaone, ndipo nifungue mdomo, na mara nyingi nikishaona, naondoka bila kusema kitu.