Kibao Kilichoishia Njiani

Nakumbuka kibao kimoja kilichonigharimu kipande cha bati, kopo la rangi nyekundu, majogoo wawili na miche elfu tatu ya kahawa. Nimehesabu mara mbili, mwanangu. Aibu sijaitia kwenye hesabu, maana haina kipimo.

Nakuandikia kwa sababu juzi ulinitumia kwenye simu ile karatasi ya dira ya kikundi chenu cha huko Kimuli, ukaniomba niisome na kuisifu. Kusoma nimesoma. Kusifu, subiri kwanza nikusimulie.

Nilikuwa kijana, ndevu bado zinahesabika, nilipopewa usimamizi wa kitalu cha kahawa kule Rugu. Wazee walinichagua kwa ajili ya mdomo wangu: mkungu wa ndizi nilikuwa nauza kwa bei inayomfanya mnunuzi ashukuru na kujuta papo hapo. Kahawa za watu zilikuwa zimenyauka, shamba baada ya shamba, na kitalu chetu ndicho kilichotegemewa kutoa miche kabla ya mvua za vuli. Mvua zikipita bila miche, kaya zile zingengoja msimu mwingine mikono mitupu, na mimi ningerudi sokoni kugombea bei ya ndizi.

Kabla ya kazi kuanza nikapelekwa semina Kayanga. Huko tukaambiwa kiongozi lazima awe na dira, na dira iandikwe mahali inapoonekana. Nikarudi nimejaa kama gunia la maharage. Nikamtafuta mchoraji wa vibao, akataka majogoo watatu. Nikamshusha hadi wawili, nikaondoka najipongeza. Wahenga walisema rahisi ghali, lakini siku ile wahenga hawakuwepo.

Asubuhi nikakuta kibao kimesimama langoni, herufi nyekundu zinang'aa: KUWA KITALU KINARA CHENYE TIJA ENDELEVU KATIKA. Basi. Hapo ndipo kilipoishia. Nikamfuata mchoraji mbio.

"Maneno mengine yako wapi?"

"Yako kwa jogoo wa tatu," akanijibu bila kuinua macho.

Nikaona bora nisiongeze jogoo. Nani atasoma mpaka mwisho?

Alisoma Nzeyimana. Huyu alikuwa kijana wa familia iliyotoka Burundi, mmoja wa wajazaji wetu wa viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche. Kwa kazi alikuwa wa kwanza, kwa utani hakuwa na wa pili. Akasimama mbele ya kibao, mikono nyuma, kama mtu anayesomewa barua ya posa, akaniita kwa neno letu la heshima.

"Waitu msimamizi, katika nini?"

"Katika kazi! Nenda kajaze."

"Aa. Mimi nilidhani katika njaa."

Wafanyakazi wote kumi na wawili wakaangua kicheko, isipokuwa Mama Kokugonza, mtu mzima aliyesimamia umwagiliaji. Yeye akaniuliza polepole, "Mwanangu, neno hilo linatupeleka wapi?" Nikamwamkia shikamoo, kisha nikamkumbusha kwamba ndoo inamsubiri. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kumjibu hivyo aliyeuliza.

Kwa kuwa dira ilikuwa imekwama, nikashika kitu ninachokijua: hesabu. Kila mjazaji, viriba mia mbili kwa siku. Jioni napita safu kwa safu, nahesabu, narudia. Hakuna aliyewahi kupungukiwa hata kiriba kimoja. Nilitembea kama jogoo, yule wa tatu ambaye sikumtoa.

Miche ikahamishiwa kwenye viriba. Wiki chache baadaye ikaanza kuwa ya njano, kisha ikalala. Nikapasua kiriba kimoja: udongo mwekundu wa kando ya njia, mgumu kama tofali, bila chembe ya samadi. Udongo mweusi ulikuwa juu ya kilima, mwendo wa kutoa jasho, na hakuna aliyekuwa amekipanda. Nikapiga kelele mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia.

"Mmenihujumu!"

Nzeyimana akafuta mikono kwenye suruali. "Waitu, uliagiza mia mbili. Ni mia mbili. Au leo hukurudia kuhesabu?"

Ndipo Mama Kokugonza akaweka ndoo chini. "Kesho usituhesabu," akasema. "Kesho tufunge kitalu, twende kumwona mwenye miche."

Siku nzima ya kazi! Nilianza kubishana naye bei, nikapendekeza nusu siku. Akaigeuza ndoo, akaikalia. Nikajikuta nimekubali siku nzima, na nauli juu yangu. Ni biashara pekee niliyowahi kushindwa nikapata faida.

Asubuhi tukadandia gari la kubebea ndizi hadi Nyakakika, kwa Bibi Verediana, mjane aliyekuwa kwenye orodha yetu ya kupokea miche arobaini. Tulikuta nini? Mashimo arobaini, tayari. Ameyachimba mwenyewe, akatia samadi aliyoibeba kichwani, akayafunika kwa majani ya migomba yasikauke. Shimo hata moja halikuwa na mche. Yalikuwa yanatungoja sisi.

Akatukaribisha ndani. Unajua desturi yetu: mgeni hakai bila kupewa kahawa ya kutafuna. Bibi akatoa kile kikapu kidogo chenye kifuniko, akakishika kwa mikono miwili, akakifungua. Kilikuwa kitupu, kisafi.

"Mnisamehe," akasema. "Tangu kahawa ininyaukie, nakipangusa tu kila Jumapili. Siku yake itafika."

Akatupakulia ndizi na maharage, tukala. Nzeyimana hakutania. Baada ya chakula akatoka, akapiga magoti kwenye shimo moja, akaingiza mkono mpaka begani.

"Kiriba changu kingekuja kufia humu," akasema.

Kesho yake nilichelewa kufika kitaluni. Nikawakuta wanateremka kilimani na magunia ya udongo mweusi, wanaimba. Sikuwa nimemtuma mtu. Kwenye tuta tulikuwa bado na miche midogo ya akiba. Tukaijazia viriba upya. Mtu akileta udongo mwekundu, mwenzake anamwuliza, "Huu ni wa kikapu gani?" naye anaumwaga. Vuli iliponyesha, miche ilikuwa imesimama.

Na kibao? Siku moja nilikuta Nzeyimana amemalizia sentensi kwa mkaa, herufi zimepinda kama mkia wa ng'ombe: KUWA KITALU KINARA CHENYE TIJA ENDELEVU KATIKA kikapu cha Bibi Verediana. Sikuifuta. Mvua ikiufuta mkaa, yeyote aliyepita aliandika tena.

Mwaka wa nne Bibi alikuja mwenyewe kitaluni na kikapu kimejaa. Kahawa ile sikuihesabu, mwanangu. Nilitafuna.

Sasa karatasi yako. Ina maneno matamu arobaini na moja, na hakuna mtu hata mmoja ndani yake. Debe tupu haliachi kuvuma. Dira si kibao. Ni kitu ambacho mfanyakazi wa mwisho anakiona akifumba macho. Usiwasomee watu wako, wapeleke wakaone. Wape idadi, sawa, lakini kwanza wape sababu. Mwenye sababu hupanda kilima bila kusukumwa. Nao wakiimalizia sentensi yako kwa mkaa, waachie. Hapo imeshakuwa yao. Na akikuuliza mtu mzima "tunakwenda wapi," usimwonyeshe ndoo.

Mungu akupe mikono ya kupokea na mdomo wa kusema kwa kifupi. Mvua ikukute umechimba, na mgeni akukute na kikapu kilichojaa.

Ushauri huu si wa bure, unanijua. Jogoo sitaki. Nilipe jina moja tu: huko Kimuli, ni nani amechimba mashimo anawangoja?