Tunakwenda Kutembea

Jumamosi iliyopita, kwenye basi la kutoka Mbeya kwenda Iringa, nilikaa nyuma ya mzee mmoja na mkewe, wakulima waliovaa nguo za kanisani. Bwana mmoja mwenye mkoba, aliyepandia Nyololo, akawapa pole.

“Nani amefariki?”

“Hakuna,” akajibu mama. “Tunakwenda kutembea. Tutalala gesti, kesho tukaone boma la Wajerumani.”

“Kutembea? Msimu huu wa palizi, watu wazima kama ninyi?”

Mzee akainamisha kichwa. “Yaani, ndugu, tuna mgonjwa pale hospitali…”

Mama akamshika goti. “Mzee wangu, usimwongopee.”

Mzee akainua uso, akamtazama yule bwana machoni.

“Mgonjwa hakuna. Tumelima na kulea watoto tangu tuoane. Leo namtembeza mke wangu, na kesho nitamtembeza tena.”

Iringa waliteremka wameshikana mikono mchana kweupe, abiria wakiwachungulia madirishani. Mama alijifunga kitenge vizuri kwa mkono mmoja. Mkono wa mzee hakuuachia.

Sisi wa mishahara tukienda likizo hatuulizwi sababu. Mkulima je, mpaka afiwe ndipo aione Iringa?