Nilipomsindikiza Kabula Nyamirembe

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo haijanitoka hadi leo. Mimi na rafiki yangu Kabula tulikuwa juu ya kivuko tukivuka kwenda Sengerema, mawe makubwa ya Mwanza yakizidi kuwa madogo nyuma yetu, na maji yametulia kabisa. Jana umeniambia kwamba wewe na mwenzako mnataka kuzunguka ziwa kwa gari, mkilala mji huu na mji ule. Nimefurahi. Siku hizi daraja lipo, lami ipo, na nyinyi miili yenu bado haijaanza kulalamika. Nendeni. Lakini kabla hujafunga begi, kaa kidogo nikusimulie.

Kabula alikuwa Msukuma wa Kisesa, mimi kama ujuavyo ni Mhaya wa Muleba. Tulikuwa walimu wa shule moja ya msingi pale Mwanza, tumepanga chumba kimoja Mirongo. Alikuwa mwepesi wa kucheka, lakini mambo yake ya ndani hakuyatoa. Mjomba wake alikuwa amemfundisha kuendesha pikapu, na likizo ile akatuazima. Wasichana wawili na pikapu! Kila tuliposimama, watu walichungulia ndani wakimtafuta dereva.

Mimi nilijua tunakwenda kwetu Muleba kuwasalimia wazazi wangu, tukipitia Nyamirembe. Pale kwenye kivuko ndipo nilipomuuliza, "Hivi Nyamirembe kuna nini?"

Akaangalia maji. "Kuna baba yangu."

Nilishtuka. Tangu nimfahamu nilidhani baba yake ni marehemu. Kumbe aliondoka nyumbani Kabula akiwa mtoto, akasema anakwenda kuvua samaki, huko akaoa mke mwingine na hakurudi tena. Mama yake ndiye aliyewalea, kwa kulima pamba na kuuza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, mnadani.

"Naolewa, Koku," akaniambia. "Nataka asikie kwangu. Akitaka kuja aje, asipotaka basi."

Tukashuka upande wa pili, tukaanza safari. Barabara ilikuwa ya vumbi jekundu, lakini uzuri wake, mwanangu! Mashamba ya mihogo, ng'ombe wakivuka taratibu kana kwamba barabara ni yao, na ziwa likijitokeza katikati ya vilima kisha linajificha. Kabula alisimama kila mahali. Sengerema tulinunua mananasi, Geita tukalala kwa shangazi yake mcheshi aliyetulisha mpaka tukaomba huruma. Kesho yake Kabula akasimama tena njiani kutazama tu vilima.

Mimi moyoni nilikuwa nachemka kwa hasira. Nilikuwa namjua mama yake, mikono yake ilivyokuwa migumu kwa jembe. Kwa hiyo njia nzima nikawa napanga maneno ya kumwambia yule mzee. Yalikuwa maneno makali, na niliyapenda. Tulipokaribia Chato nikamwambia Kabula, "Usiogope. Nitakusaidia kuongea." Alinipa nanasi nimenye.

Tulifika Nyamirembe mchana. Watu wakatuonyesha nyumba moja yenye migomba, ziwa liko chini yake. Akatoka mama mmoja mnene, mikono ina unga.

"Shikamoo, mama," tukamwamkia.

"Marahaba, karibuni." Akamtazama Kabula usoni kwa muda. "Wewe ni Kabula. Paji hilo ni la baba yako." Kisha akasema kwa upole, "Yuko mwaloni, kule chini ufukweni, anashona nyavu. Nenda, mwanangu. Anakutaja sana."

Kabula akajifunga kitenge vizuri, akashuka taratibu kuelekea ilikolala mitumbwi. Nami nikainuka kumfuata. Yule mama akanishika mkono.

"Na wewe binti, wapi?"

"Namsaidia mwenzangu."

"Unamsaidia nini?"

Basi yale maneno yangu yote yakamwagikia pale. Kwamba mzee aliwatupa. Kwamba mama yao aliteseka. Nilisahau kabisa kwamba naongea na huyo huyo mke wake wa pili. Yeye alinisikiliza mpaka nikamaliza, wala hakukunja uso.

"Unayoyasema ni kweli," akasema, "na mengine yananigusa mimi. Lakini hayo maneno ni ya Kabula. Ukimsemea wewe, yeye atabaki na nini cha kusema? Wewe ukishagomba utapanda gari, utakwenda kwenu. Yeye, mzee huyo ndiye baba yake mpaka kufa. Mwenzako umemfikisha, na hilo si dogo. Sasa njoo tusonge ugali."

Nikaingia jikoni. Mwanangu, kusonga ugali sijawahi kukuona kuzito kama siku ile. Kupitia mlangoni niliwaona kule chini. Mwanzoni wamesimama mbalimbali, Kabula anaongea, mikono yake inakwenda huku na huku. Mzee ameinamisha kichwa. Baadaye akauweka wavu chini, akakaa kwenye ukingo wa mtumbwi, na Kabula naye akakaa, si karibu sana. Walikaa hivyo mpaka chakula kikaanza kupoa. Sikusikia hata neno moja.

Walipopanda kurudi nyumbani, macho ya wote wawili yalikuwa mekundu. Tukala. Mzee alisogeza bakuli kwa Kabula, akasita. "Bado huli dagaa?"

Kabula akaangua kicheko, machozi yanamtoka. "Siku hizi nakula, baba."

Tulipokuwa tunaelekea Muleba aliniambia, "Nimemwambia yote, Koku. Kila kitu. Hajajitetea hata kidogo." Kisha akaanza kuimba huku akiendesha, na sauti yake ilikuwa mbaya kama kawaida. Siku ya harusi mzee alikuja na yule mama. Wakakaa nyuma kabisa, wala ndugu wa Kisesa hawakuwafurahia. Kabula mwenyewe alishuka jukwaani, shela na yote, akamshika baba yake mkono akampeleka mbele. Huyo ndiye bibi Kabula anayekuja hapa kila sikukuu na kutuimbia bila kuombwa.

Ninachotaka kukuambia ni hiki. Utakapokuwa njiani na rafiki yako, jua kwamba kila mtu anabeba safari yake ndani ya ile mliyopanga pamoja. Akitaka kusimama, simama naye, hata kama huoni cha kutazama. Mfikishe anakokwenda. Na mkifika penye jambo lake, kaa pembeni, umwachie aseme mwenyewe. Usije ukamnyang'anya neno alilolitunza miaka yote eti kwa sababu unampenda. Kumpenda mtu wakati mwingine ni kukaa jikoni na kunyamaza.

Haya, nenda kafunge begi lako. Mungu awatangulie barabarani, awakutanishe na watu wema, awaepushe na ajali, na awarudishe nyumbani mkiwa marafiki zaidi kuliko mlivyoondoka. Na nanasi la Sengerema, mwanangu, msisahau kuniletea.