Nyota ya Mtamba Wetu

Mwezi jana mafundi walikuja kupaka rangi nyumba yangu hapa Nakuru, nyumba ya mawe, vyumba saba, niliyoijenga bila kuomba mtu hata msumari. Walipofungua mkebe wa kwanza, harufu ya tapentaini ilinipanda puani, na mimi, mwanamke mzima mwenye diploma ya ufugaji kutoka ng'ambo, nikajikuta nimeshika ukingo wa dirisha. Nilikuwa tena mtoto wa miaka tisa katika kambi ya wafanyakazi, kwenye shamba la mzungu mmoja upande wa Njoro.

Nawaambia ninyi, kwa maana wanangu hawaamini kwamba ng'ombe anaweza kufichwa.

Wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, bwana wa shamba aliruhusu kila familia ng'ombe mmoja tu. Wa pili akionekana, alichukuliwa. Sisi tulikuwa na mweusi, wa halali, aliyelala bomani mbele ya macho ya kila mtu. Tena tulikuwa na mtamba aliyefungwa kichakani, ng'ambo ya korongo, ambaye mama alimkatia majani kila alfajiri. Alikuwa mwekundu, na katikati ya paji la uso alikuwa na nyota nyeupe, safi kama iliyokatwa kwa makasi. Mama alimwita Njata, yaani nyota kwa Kikuyu chetu. Njata ndiye angenipeleka shule ya bweni. Mama alilirudia hilo kila niliposhinda wavulana darasani, na niliwashinda mara nyingi. Mwalimu mwenyewe alisema kichwa changu kina mlango wa kuingilia tu, hakina wa kutokea.

Ndipo Fundi Wekesa akatangaza kwamba atachora wanyama wetu ukutani. Alikuwa mtu wa upande wa Bungoma, askari wa zamani wa vita vya wazungu, na kazi yake ilikuwa kupaka rangi mageti na matrela ya bwana. Jumapili, siku yake ya kupumzika, alianza kuchora ukuta wa nje wa shule yetu, shule ya udongo ambayo wazazi waliijenga na kuipaka chokaa.

"Watoto wanasoma picha za meli na tembo," alisema. "Mimi nitawapa ng'ombe wao. Ni zawadi."

Zawadi! Neno hilo liliwanyima watu usingizi. Kwetu mifugo haihesabiwi kwa kidole, maana kuhesabu ni kuita msiba. Na huyu alizunguka malishoni akifumba jicho moja, akipima migongo ya ng'ombe wa watu kwa kijiti.

"Ametumwa na nani?" Mama Kariuki, jirani yetu, aliuliza akichambua maharagwe. "Siku hizi nani anakupa kitu bure? Hilo ni daftari la karani, ila limeandikwa ukutani."

Wengine waliwapaka ng'ombe wao matope kuficha mabaka. Mama alibadilisha njia ya kwenda kichakani, kisha siku moja akanikataza hata kumsalimia Wekesa. "Mkono unaochora ndio unaoandika," alisema.

Nilimchungulia hivyo hivyo. Ajabu ni kwamba picha zake zilipendeza lakini zilikuwa na makosa matupu. Pembe za ng'ombe wa huyu zilikaa kwenye kichwa cha ng'ombe wa yule. Baka la mbuzi wetu lilihamia kwa kondoo wa jirani. Watu walisema jeshi lilimfundisha bunduki tu. Mimi niliyemjua kila mnyama wa kambi hata kwa kwato zake, nilikasirika kama mwalimu anayesahihisha kazi chafu.

Jumapili moja, watu wakitoka kanisani, karani wa shamba alikuja, daftari kwapani. Aliutazama ukuta, akatutabasamia watoto. "Hawa wamependeza. Nani ana akili ya kuniambia ni wa nani?"

Akili! Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza.

"Huyu amekosewa," nikasema, nikionyesha ng'ombe mwenye nyota usoni. "Pembe ni za ng'ombe wa Baba Kariuki. Lakini nyota ni ya Njata wetu."

Nilimwona mama akishika kitambaa chake cha kichwa kwa mikono miwili.

"Njata?" Karani akafungua daftari. "Kwenu si kuna mweusi peke yake?"

Wekesa, aliyekuwa pale pale ukutani, akaangua kicheko. "Karani, na wewe unasikiliza mtoto? Nyota ni mapambo yangu. Tazama." Akachovya brashi kwenye rangi nyeupe, akampiga nyota ng'ombe wa pili, wa tatu, wote. Akapiga mbuzi, akapiga punda, na mwisho jogoo, ambaye nyota yake ilimfunika jicho. Kazi ya wiki nyingi ikawa kama ukuta uliomwagiwa uji. "Haya, kamata hata jogoo."

Watu walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Karani hakucheka. "Kesho asubuhi nitapita bomani kwako," alimwambia baba.

Kabla jua halijatua, baba alikuwa amemvusha Njata mpaka wa shamba, kwa rafiki yake Mkipsigis. Karani alimkuta mweusi tu. Lakini wiki haikuisha kabla Wekesa hajafukuzwa kazi, kwa kosa la kuharibu rangi ya bwana. Alipita mbele ya nyumba yetu na sanduku begani, akasema, "Kwaherini." Hakuna aliyeitika.

"Anakwenda kupeleleza kwingine," Mama Kariuki alisema.

Mimi nami niligeuza uso. Mama alikuwa amenichapa kwa ajili ya nyota yake.

Njata alizaa, nami nikasoma. Nilivuka bahari, nikarudi na diploma yangu, msichana wa kwanza wa kambi ile kufika huko. Mama alikuwa amezeeka siku nilipomuuliza, "Wekesa aliijuaje ile nyota? Wakati ule Njata hakuwahi kutoka kichakani."

"Kuna asubuhi nilikuta kamba yake imekatika," alisema. "Lakini Njata alikuwa hapo hapo. Mtu alikuwa amemfunga tena, kwa fundo lisilo letu, fundo la watu wa jeshi. Nikajua mpelelezi ametufikia. Sikumwambia hata baba yako. Siku hiyo ndiyo nilikukataza kumsalimia."

Nimefundishwa mengi juu ya ng'ombe, na wakubwa huja kuniuliza. Lakini jambo hili halikuhitaji diploma. Mtamba asiye na kamba angeingia kwenye ngano ya bwana kabla jua halijachomoza. Mtu wa kutuuza asingehitaji ukuta wala brashi. Angeiacha tu kamba ile imekatika.