Unalala Mara Ngapi Njiani

Watu wakiniuliza Toronto ni mbali kiasi gani na nyumbani, nilikuwa na jibu moja la kujidai: siku moja tu. Nilihesabu saa za angani peke yake, mpaka Addis Ababa, kisha mpaka Dar. Kukaa viwanjani sikukuhesabu, wala ndege ya kutoka Dar kwenda kwetu Tabora, ambayo haiendi kila siku na ukiikosa unapanda basi kutwa nzima. Mama nilimpa jibu hilo hilo miaka yote, naye aliitikia tu.

Wiki aliyotoka hospitali ya Kitete, alikolazwa kwa presha, alinipigia simu ya video. Kwangu ilikuwa saa moja asubuhi, nimeshavaa sare ya kazi. Kwake saa nane mchana, amejiegemeza kwenye mto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hebu niambie, ukiambiwa uje sasa hivi, unalala mara ngapi njiani?"

Mama ni mzaliwa wa Kwihara, karibu na Tabora. Kwao, tangu enzi za misafara ya biashara iliyokwenda kwa miguu, umbali si kilomita. Unaulizwa utalala wapi na wapi. Nikacheka, nikamwambia siku hizi mtu analala humo humo kwenye kiti.

"Sijakuuliza unalalia nini. Nimekuuliza mara ngapi."

Kwa mara ya kwanza nikahesabu kwa ukweli. "Mara mbili, mama. Nikikosa ndege ya Tabora, tatu."

"Basi huniwahi. Mimi nikifa asubuhi, alasiri nimeshazikwa. Nani ataniosha?"

Nilipandwa na hasira. Mama alimuosha bibi kwa mikono yake mwenyewe, na mimi ndiye binti yake pekee. Na kazi yangu huko Toronto ni kuogesha wazee, mama za watu wengine, kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi. Nikamfokea aache habari za kufa. Ndiyo, nilimfokea mgonjwa.

Alinisubiri nimalize. "Kuosha utakosa, hilo tuliache. Anayeoshwa ni maiti. Aliye hai anaogeshwa. Njoo uniogeshe."

Nikaomba likizo. Nililala mara tatu, kwa sababu ndege ya Tabora niliikosa kweli. Nilipoingia uani, vumbi la basi bado shingoni, mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, ndoo ya maji ya vuguvugu pembeni yake na dodoki mkononi. Hata chai hakunikaribisha.

Bafuni nilianza kama niko kazini, haraka haraka, mkono huu kisha ule. Akanishika kifundo cha mkono.

"Mimi si zamu yako. Taratibu."

Nikaenda taratibu. Mgongo wake ulikuwa umepungua kuliko nilivyoukumbuka, na chini ya bega niliona kovu ambalo maisha yangu yote sikuwahi kulijua. Nilimsugua visigino, nikammiminia maji, naye akafumba macho.

Nilipomfunga kanga akaniona ninalia, akanifuta uso kwa pindo lake.

"Siku yenyewe ikifika, usihangaike na ndege," akasema. "Majirani watamalizia tu."